Maisha ya James Joyce na Upweke wa Msanii katika Riwaya Yake

Walimu wa fasihi tuna desturi ya kuanza kipindi cha riwaya kwa kueleza maisha ya mwandishi. Tarehe ya kuzaliwa huandikwa ubaoni, ikafuatiwa na shule alizosoma, kazi alizofanya, vitabu alivyotunga na mwaka aliofariki. Wanafunzi hunakili, ubao hufutwa, na kitabu hufunguliwa kana kwamba yale yaliyotangulia hayakuhusiana nacho hata kidogo. Wapo pia miongoni mwetu wanaoelekea upande wa pili. Hao huyachukua maisha ya mwandishi kuwa ndiyo ufunguo wa kila mlango, wakawaambia wanafunzi kwamba mhusika mkuu ni mwandishi mwenyewe aliyebadilishwa jina tu. Njia ya kwanza humchosha mwanafunzi. Ya pili humpotosha.

Katika makala haya tumekusudia kueleza maisha ya mwandishi mmoja ambaye riwaya yake huleta hatari hiyo ya pili kuliko riwaya nyingi nyingine. Huyo ni James Joyce wa Ayalandi, na riwaya yenyewe ni A Portrait of the Artist as a Young Man, jina tunaloweza kulifasiri kuwa Picha ya Msanii Angali Kijana. Ni habari ya kijana anayejitafuta, ambaye hatimaye anajitenga na jamaa zake, dini yake na nchi yake ili apate kuwa msanii. Msomaji akifika ukurasa wa mwisho huelekea kuamini kwamba msanii hukua peke yake na kwamba upweke ndio chuo chake. Tutaonyesha kwamba maisha ya yule aliyeitunga yalikwenda vingine, na kwamba tofauti hiyo baina ya mtu na kitabu chake ndiyo hasa inayostahili kufundishwa.

Utoto na shule

James Joyce alizaliwa tarehe 2 Februari 1882 katika kitongoji cha Rathgar, mjini Dublin. Wakati huo Ayalandi yote ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na sehemu kubwa ya watu wake walikuwa waumini wa Kanisa Katoliki. Baba yake, John Stanislaus Joyce, alitoka Cork, mji wa kusini. Alikuwa mcheshi, mwimbaji hodari, mpenda siasa na mpenda ulevi. Mama yake, Mary Jane Murray, alikuwa mcha Mungu aliyepiga piano na kuvumilia mengi. Walijaliwa watoto wengi, na kati ya 10 waliopita umri wa uchanga, James alikuwa wa kwanza.

Hapo mwanzo nyumba haikuwa na dhiki. Baba alikuwa na mali ya urithi na kazi ya kutoza kodi, hata akaweza kumpeleka mwanawe, mwaka 1888, katika shule ya bweni ya Clongowes Wood, iliyoendeshwa na mapadre Wajesuiti. Mtoto alikuwa na umri wa miaka sita na nusu. Huko ndiko alikopata kisa ambacho kimekuwa mashuhuri kwa sababu ya riwaya: miwani yake ilivunjika, akashindwa kusoma na kuandika, na padre mmoja akamchapa viganjani kwa kuamini kwamba alikuwa akijisingizia ili akwepe kazi. Mtoto akaenda mwenyewe kwa mkuu wa shule kushtaki, akasikilizwa.

Mwaka 1891 mambo mawili yaliipata nyumba ile. La kwanza ni kifo cha Charles Stewart Parnell, kiongozi wa siasa aliyetumainiwa na Waairishi wengi, ambaye alikuwa ameangushwa baada ya uhusiano wake na mke wa mtu kujulikana hadharani na maaskofu kumpinga. Baba yake Joyce hakuwasamehe kamwe waliomwacha kiongozi huyo. Mtoto mwenye umri wa miaka tisa akatunga shairi la kuwashutumu, na baba kwa fahari akalipeleka kupigwa chapa. Nakala kamili ya shairi hilo haikupata kuonekana tena. La pili ni kwamba fedha zilikwisha. James aliondolewa Clongowes, na muda mfupi baadaye baba akapoteza kazi akabaki na pensheni ndogo. Tangu hapo familia ikawa ya kuhama nyumba baada ya nyumba, kila mara ikishuka daraja, huku vyombo vikiuzwa na wadai wakibisha hodi.

Mwaka 1893 Wajesuiti walimpokea tena James, safari hii katika shule yao ya Belvedere mjini Dublin, bila ya kudai karo. Alisoma vizuri, akashinda zawadi za fedha katika mitihani ya Ayalandi, na katika ujana wake wa mapema akashika dini kwa nguvu sana, hata wakubwa wake wakadhani kwamba huenda akawa padre. Imani hiyo haikudumu. Alipoingia chuo cha University College mjini Dublin mwaka 1898 kusomea lugha, alikuwa amekwisha kuuelekeza moyo wake kwenye fasihi.

Hapa hatuna budi kuzingatia jambo moja. Katika riwaya, mtoto Stephen Dedalus ni dhaifu, mwoga wa michezo, mtu wa kukaa pembeni na kusikiliza. Joyce mwenyewe hakuwa hivyo. Ndugu yake Stanislaus, aliyeandika kumbukumbu za utoto wao, amemweleza kuwa mtoto mchangamfu, mwogeleaji na mkimbiaji, aliyependwa nyumbani na aliyekuwa mwepesi wa kucheka. Mwandishi alichukua matukio ya maisha yake, lakini alimpa mhusika wake tabia nyingine. Tayari hapa wawili hao wameachana njia.

Kijana anayeondoka

Mwezi Aprili 1900 jarida mashuhuri la London, Fortnightly Review, lilichapisha makala ya Joyce juu ya tamthilia mpya ya Henrik Ibsen wa Norway. Mwandishi wake alikuwa mwanafunzi mwenye umri wa miaka 18. Ibsen alisoma, akatuma shukrani kwa njia ya mfasiri wake, William Archer, na Joyce akajifunza lugha ya Kinorway ili aweze kumwandikia mzee huyo na kuzisoma kazi zake katika lugha yake. Wakati huohuo vijana wengi wa Dublin walikuwa katika harakati za kufufua lugha ya Kiairishi. Joyce alihudhuria masomo hayo kwa muda, akayaacha. Aliona kwamba harakati hizo zilimtaka msanii awe mtumishi wa siasa kabla ya kuwa msanii.

Baada ya kumaliza chuo mwaka 1902 alikwenda Paris kusomea udaktari, akashindwa kulipa karo, akaishi kwa njaa na kusoma maktabani. Mwezi Aprili 1903 ilimfikia simu ya kumwita nyumbani kwa kuwa mama yake alikuwa mahututi. Mama alifariki tarehe 13 Agosti mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 44. Nyumba ikabaki mikononi mwa baba aliyezidi kulewa na mabinti waliokuwa bado wadogo.

Mwezi Januari 1904 Joyce aliandika insha fupi juu ya msanii na ukuaji wa nafsi yake, akaipeleka kwa wahariri wa jarida jipya la Dublin lililoitwa Dana. Wakaikataa. Hakuitupa, aliamua kuigeuza iwe riwaya ndefu, na jina lake likawa Stephen Hero. Mwezi Juni mwaka huohuo alikutana na Nora Barnacle, binti wa Galway aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli mjini Dublin. Mwezi Oktoba wakasafiri pamoja bila ya kufunga ndoa, jambo lililokuwa aibu kubwa katika nchi yao. Hawakufunga ndoa ya serikali mpaka mwaka 1931, mjini London, watoto wao wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Tuutazame mwondoko huo vizuri. Mwishoni mwa riwaya Stephen anajiandaa kuondoka Dublin peke yake, akiamini kwamba upweke ni bei anayopaswa kulipa. Joyce aliondoka na mwenzi, na mwenzi huyo hakumwacha mpaka kifo.

Mwalimu wa Trieste

Kazi iliyomlisha Joyce katika miaka ile ilikuwa ualimu. Alikwenda kwanza Zurich, ambako aliahidiwa nafasi katika shule ya lugha ya Berlitz, akakuta nafasi haipo. Akaelekezwa Pola, bandari ya jeshi la wanamaji la Austria na Hungaria, akawa akiwafundisha maofisa Kiingereza. Mwaka 1905 akahamia Trieste, bandari kubwa ya biashara ya dola hiyohiyo, iliyojaa Waitalia, Waslovenia, Wajerumani na Wayunani. Shule za Berlitz zilifuata njia inayojulikana na kila mwanachuo wa ualimu wa lugha: mwalimu hutumia lugha inayofundishwa peke yake, bila ya kufasiri, akaonyesha vitu na vitendo mpaka mwanafunzi aielewe lugha kwa lugha yenyewe. Mshahara ulikuwa mdogo na saa za kazi nyingi, kwa hiyo baadaye Joyce aliacha shule akafundisha wanafunzi wa binafsi majumbani mwao. Kwa miezi michache, kati ya mwaka 1906 na 1907, alikuwa karani wa benki mjini Roma, akaichukia kazi hiyo na kurudi Trieste.

Nyumba yake haikuwa pango la mtawa. Mtoto wa kwanza, Giorgio, alizaliwa mwaka 1905. Wa pili, Lucia, mwaka 1907. Stanislaus aliitwa kutoka Dublin mwaka 1905, naye akawa mwalimu wa Kiingereza katika shule ileile. Mara nyingi mshahara wake ndio uliolipa kodi ya nyumba ya kaka yake na madeni yake. Kisha maumbu wawili, Eva na Eileen, waliletwa mmoja baada ya mwingine. Riwaya ya upweke iliandikwa katika vyumba vyenye kilio cha watoto, ugomvi wa fedha na ndugu waliolala karibukaribu.

Kufika mwaka 1906 Stephen Hero ilikuwa na sura 25, ambazo zilizidi kurasa 900 za mkono, na bado hazikufika nusu ya sura 63 alizokuwa amezipanga. Mwaka uliofuata Joyce alifanya uamuzi ambao kila anayefundisha utungaji angefaa kuutaja darasani: aliiacha kazi hiyo yote na kuianza upya. Riwaya mpya ingekuwa na sura tano tu. Ile ya kwanza ilieleza kila kitu kutoka nje, kama shahidi anayetoa habari; hii mpya ingekaa ndani ya akili ya mhusika, na lugha yake ingekua jinsi mhusika anavyokua.

Katika kupunguza huko, watu wengi waliondoka kitabuni. Aliyepunguzwa kuliko wote ni ndugu. Katika Stephen Hero yumo kijana aitwaye Maurice, mdogo wake Stephen, anayetembea naye na kujadiliana naye juu ya mawazo yake. Ni dhahiri kwamba amefinyangwa kwa udongo wa Stanislaus. Katika riwaya iliyokamilika Maurice anatajwa kwa kupita tu. Basi wakati Stanislaus alipokuwa akiilipia kodi nyumba ilimoandikwa riwaya, ndani ya riwaya yenyewe alikuwa akifutwa. Upweke wa Stephen haukunakiliwa kutoka maishani. Ulitengenezwa mezani, kwa kalamu na kwa kufuta.

Mwanafunzi aliyemtia moyo mwalimu

Miongoni mwa wanafunzi wa Joyce mjini Trieste alikuwamo mfanyabiashara aitwaye Ettore Schmitz, mwenye umri wa miaka zaidi ya 20 kupita mwalimu wake. Kampuni ya wakwe zake ilitengeneza rangi ya kupaka matumbo ya meli, nayo ilikuwa na kiwanda London, kwa hiyo alihitaji Kiingereza. Siku moja alimweleza mwalimu kwamba zamani aliwahi kuchapisha riwaya mbili, moja mwaka 1892 na nyingine mwaka 1898, kwa jina la Italo Svevo, na kwamba hakuna aliyezijali. Joyce alizichukua akazisoma, akarudi na kumwambia kwamba alikuwa mwandishi aliyepuuzwa pasipo haki.

Wakati huo Joyce naye alikuwa amekwama. Sura tatu za riwaya yake zilikuwa tayari tangu mwaka 1908, lakini hakuendelea. Alimpa mwanafunzi wake sura hizo asome na kutoa maoni. Mwezi Februari 1909 Schmitz alimwandikia barua kwa Kiingereza chake cha kujifunza. Alizisifu sana sura ya pili na ya tatu, akaikosoa ile ya kwanza kwa uwazi. Barua hiyo ilimrudisha Joyce kazini. Hata hivyo njia haikuwa nyepesi. Mwaka 1911, katika hasira ya kukataliwa na wachapishaji, aliitupa miswada ya riwaya motoni, na umbu lake Eileen ndiye aliyeiopoa.

Mwalimu alilipa deni lake. Svevo alipochapisha riwaya yake kubwa, La coscienza di Zeno, mwaka 1923, na Italia ikanyamaza tena, Joyce aliitangaza kwa wahakiki wa Paris, na kwa njia hiyo mwanafunzi wake akapata sifa kabla ya kufariki mwaka 1928. Hatujui mfano mzuri kuliko huu wa mwalimu na mwanafunzi waliosomana.

Riwaya yenyewe

Riwaya inaanza kwa lugha ya mtoto mdogo anayesimuliwa hadithi na baba yake, na inamalizika kwa shajara ya kijana msomi. Katikati sentensi hukua pamoja na mhusika: za shuleni ni fupi na zimejaa baridi, harufu na sauti, za ujana ni ndefu na zenye mapambo. Sura ya kwanza ina kisa cha viboko viganjani na karamu ya Krismasi inayovunjika kwa ugomvi juu ya Parnell. Sura ya tatu ina mahubiri ya jehanamu yanayomtetemesha kijana aliyeanguka dhambini. Katika ya nne anaalikwa kufikiria upadre, anakataa, na akiwa ufukweni anatambua kwamba wito wake ni sanaa. Ya tano inamwonyesha chuoni akibishana na rafiki zake na kuziaga imani zao moja baada ya nyingine.

Jina la Dedalus limetokana na hadithi za kale za Wayunani. Daedalus alikuwa fundi stadi aliyejenga katika kisiwa cha Krete jengo la njia zenye kupotea, kisha akafungwa yeye mwenyewe. Akatengeneza mbawa kwa manyoya na nta ili akimbie na mwanawe Icarus. Baba alifika salama. Mwana aliruka juu mno, jua likayeyusha nta, akaanguka baharini. Stephen anajiona kuwa ni Daedalus. Msomaji makini atajiuliza kama si Icarus. Jibu alilitoa Joyce mwenyewe katika riwaya yake ya baadaye, Ulysses, ambamo Stephen amerudi Dublin, mama yake amekwisha kufa, na yeye ni mwalimu asiye na raha wa shule ya wavulana. Mbawa hazikumfikisha mbali.

Kipo kisa kimoja katika sura ya tano ambacho kwetu sisi walimu wa lugha kina uzito wa pekee. Stephen anazungumza na mkuu wa masomo, padre Mwingereza, juu ya taa na mafuta yake. Padre anataja faneli ya kumiminia mafuta kwa neno la kawaida la Kiingereza. Stephen anaiita tundish. Padre hajapata kulisikia neno hilo, analishangaa kana kwamba ni kioja cha wenyeji. Kijana anachomwa moyoni. Anahisi kwamba lugha anayoitumia ni ya padre kabla ya kuwa yake, na kwamba daima ataishi ndani yake kama mgeni. Siku nyingi baadaye anatazama kamusi na kuona kwamba neno lake ni Kiingereza safi cha zamani, ambacho Mwingereza mwenyewe amekisahau.

Kuchapishwa na miaka ya mwisho

Mwishoni mwa mwaka 1913 mshairi wa Marekani, Ezra Pound, alimwandikia Joyce bila ya kumjua, kwa kuelekezwa na W. B. Yeats, kumwomba kazi za kuchapisha. Kwa juhudi zake riwaya ilianza kutolewa sehemu kwa sehemu katika jarida la The Egoist la London, tarehe 2 Februari 1914, siku Joyce alipotimiza miaka 32, ikaendelea hadi Septemba 1915. Ilipotakiwa kutolewa kama kitabu, kampuni ya Duckworth iliikataa kwa kuiona haina umbo zuri, na wapigachapa wa Uingereza waliogopa kuigusa kwa kuwa sheria iliweza kuwashtaki wao pia kwa maneno yaliyohesabiwa kuwa machafu. Hatimaye B. W. Huebsch aliichapisha New York mwishoni mwa Desemba 1916. Harriet Shaw Weaver, mhariri wa The Egoist, aliagiza kurasa zilizochapwa Marekani, akatoa toleo la London mwezi Februari 1917. Mwaka huohuo bibi huyo alianza kumpa Joyce fedha bila ya kujitaja jina, na msaada wake ulimtunza kwa miaka iliyobaki.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Joyce katika nchi ya adui wa Uingereza. Stanislaus alikamatwa mwaka 1915 na kuwekwa kizuizini mpaka mwisho wa vita. Joyce na familia yake waliruhusiwa kwenda Uswisi. Mwaka 1920 walihamia Paris, na hapo Ulysses ilichapishwa tarehe 2 Februari 1922 na Sylvia Beach, mwenye duka la vitabu. Kitabu chake cha mwisho, Finnegans Wake, kilitoka mwaka 1939. Katika miaka hiyo alipasuliwa macho mara nyingi na kukaribia upofu, na binti yake Lucia alishikwa na maradhi ya akili yaliyomtia baba huzuni isiyo na tiba. Vita ya pili ilipoifikia Ufaransa alikimbilia tena Zurich, akafariki huko tarehe 13 Januari 1941, akiwa na umri wa miaka 58. Hakuwa ameiona Ayalandi tangu mwaka 1912, ijapokuwa vitabu vyake vyote ni vya Dublin.

Yatufaayo darasani

Tukirudi kwenye kazi yetu, tunapendekeza mambo matatu kwa mwalimu anayefundisha riwaya iliyochotwa katika maisha ya mwandishi.

Kwanza, maisha ya mwandishi yasitangulizwe kama orodha. Wanafunzi wasome kwanza kitabu, kisha wachore jedwali la safu mbili ubaoni: upande mmoja yaliyompata mwandishi, upande wa pili yaliyompata mhusika. Panapolingana wasishughulike sana. Panapotofautiana ndipo waulize kwa nini mwandishi alibadilisha, akaongeza au akafuta. Ndugu aliyefutwa katika riwaya ya Joyce atawafundisha usanii zaidi ya tarehe 20 za kukariri.

Pili, insha iliyokosolewa isichukuliwe kuwa insha iliyokufa. Insha ya kwanza ya Joyce juu ya habari hii iliandikwa mwaka 1904, na riwaya ikakamilika takriban miaka 10 baadaye, baada ya mamia ya kurasa kuwekwa kando. Tunapomrudishia mwanafunzi daftari lenye wino mwekundu bila ya kumpa nafasi ya kuandika tena, tunamfunza kwamba kuandika ni kuhukumiwa. Apewe nafasi ya pili, na maksi zitolewe baada ya hiyo.

Tatu, na hili tunaliona kuwa zito kuliko yote, tujihadhari na neno la mwanafunzi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, ambayo iliteuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 na kusimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Mtoto wa Mombasa anayeandika ndia kwa maana ya njia, au nti kwa maana ya nchi, hajakosa Kiswahili. Amekuja na neno ambalo lilikuwamo katika tenzi za pwani kabla ya kamati yoyote kukaa. Ni wajibu wetu kumfundisha usanifu, kwa kuwa mtihani na kazi vitamdai. Lakini lipo la kumwambia kwamba neno lake ni la lahaja na lina historia yake, na lipo la kulicheka mbele ya wenzake. Anayechekwa neno lake hujifunza kunyamaza, na darasa hupoteza sauti moja ambayo haitajulikana kamwe ingesema nini.

Joyce alipata mama, mwenzi, ndugu, umbu, mwanafunzi na mhariri waliomfikisha kitabuni. Si kila kijana mwenye kipawa atapata watu sita kama hao. Wengi watakuwa na mmoja tu, na huenda mmoja huyo akawa ndiye anayesimama mbele yao na chaki mkononi.